Ukoo wa Walukuba, Jinja, Uganda: gumzo la Jumatano jioni

Shangazi Safina, 19:08
Asalaam aleikum jamaa. Nimefika nyumbani sasa hivi. Makaa yamepanda tena, na mvua imelowesha hata yale niliyokuwa nimebakiza.

Mama Swale, 19:10
Waaleikum salaam wifi, pole sana. Hapa sigiri imemaliza kopo zima la makaa na maharage bado magumu.

Swale, 19:15
Poleni mama zangu. Leo chuoni nimesikia jambo, nimekuja nalo kichwani mpaka hosteli. Finland, mji wa Vantaa, kuna kiwanda kilichofunguliwa 2024. Kinatengeneza unga wa chakula bila shamba. Wanayatenganisha maji kwa umeme wapate hidrojeni, wanalisha vijidudu hidrojeni hiyo pamoja na kaboni ya hewani na madini kidogo. Vijidudu vinazaana ndani ya pipa, vikikaushwa unapata unga wa njano ambao zaidi ya nusu yake ni protini.

Mjomba Juma, 19:17
Unga wa vijidudu? Nani ataula?

Swale, 19:18
Mjomba, bongo, yale maziwa ya mgando unayokunywa kila asubuhi, inagandishwa na nini? Na mkate unaumuka kwa nini?

Mjomba Juma, 19:18
Haya, hapo sawa. Endelea.

Swale, 19:24
Mimi naona mashine ya ukubwa wa kabati jikoni kwa Mama. Inavuta hewa, inakunywa maji, imechomekwa kwenye umeme. Unaiambia: posho (ugali) na mchuzi wa karanga, watu sita, mmoja ana sukari. Chakula cha Baba kinatoka na wanga kidogo, cha Zubeda na madini ya chuma kwa ajili ya mimba yake. Hakuna makaa, hakuna moshi machoni. Na umeme tunao. Bwawa la umeme la Karuma, lililozinduliwa Septemba 2024, ni megawati 600 peke yake. Bwawa la Nalubaale hapo mlangoni kwetu ni 180. Usiku nchi ikilala, mto hauachi kuteremka.

Mama Swale, 19:26
Na bei, mwanangu? Vitu hivi vinaanzia kwa matajiri.

Swale, 19:29
Kweli vinaanzia huko. 2013 London walikaanga kipande kimoja cha nyama iliyokuzwa maabara, kiligharimu kama euro 250,000. Miaka saba baadaye, Desemba 2020, Singapore ikaruhusu kuku wa aina hiyo auzwe kwa watu. Hata halali wameijadili: mwaka 2024 kamati yao ya fatwa ilisema Mwislamu anaweza kula nyama ya namna hiyo kwa masharti, kwanza seli zitoke kwa mnyama halali.

Mama Swale, 19:30
Alhamdulillah, hilo ndilo nilitaka kuuliza.

Shangazi Safina, 19:33
Swale nakupenda, lakini niambie ukweli. Hii meza yangu ya chakula imesomesha watoto watatu. Kila nyumba ikiwa na kabati lako, mimi nitamuuzia nani?

Jaja (anaandikiwa na Zubeda), 19:47
Wajukuu, nisikilizeni. Nilikuwa na miaka saba Malkia wa Uingereza alipokuja kufungua bwawa, 1954. Kabla ya hapo maporomoko ya Ripon tulikuwa tunayasikia usiku tukilala. Wazee wakasema mto haufungwi. Ukafungwa, maporomoko yakafunikwa, taa zikawaka.

Kisha ikaja mashine ya kusaga. Mama yangu alitwanga kwa kinu na mchi mpaka viganja vikapasuka, tukawa tunampaka samli. Mashine ilipofika, hakuna mwanamke hata mmoja aliyelilia kinu chake. Lakini mashine ile ilikuwa ya mtu mmoja. Bei alipanga yeye. Siku akikasirika hafungui, na sisi watoto tunalala na mahindi mazima ndani ya nyumba. Hiyo ya Swale msikubali iwe ya mtu mmoja. Safina, nyinyi wamama wa soko si mna chama?

Shangazi Safina, 19:52
Tunacho, Jaja. Tulianza na vikombe na viti vya kukodisha, sasa tuna hema mbili. Mashine kama hiyo tungeichangia. Ikae sokoni, iwe yetu, mtu aje achague chakula chake, akae tuongee. Watu wanakuja kwangu kwa chai, lakini pia wanakuja kwa kuongea.

Mama Amoding (Soroti), 19:58
Nimesoma yote, machozi yamenitoka. Mnakumbuka miaka ya 90, ugonjwa wa batobato ulipoingia kwenye mihogo? Nilikuwa nimeolewa juzi tu huku Teso. Majani yalijikunja, ukichimba unapata mizizi kama vidole. Shamba lote. Mama mkwe alikuwa anapika maji na majani ya porini, anatuambia mboga iko tamu leo. Halafu 2001 mnyauko ukaonekana Mukono, ukafuata ndizi zenu za matoke. Mmea ukiugua unangoja msimu mwingine, na tumbo la mtoto halingoji. Pipa likiharibika unalisafisha, unaanza upya. Mimi ya kwanza ningeiweka shule ya msingi hapa, kwa wale wanaokaa chini ya mwembe saa saba wakiangalia wenzao wakila.

Mjomba Juma, 20:03
Ya pili Karamoja. Nimepeleka unga wa posho Moroto kwa lori miaka mingi. Mvua ikinyesha magurudumu yanazama, tunalala njiani siku mbili tatu, na chakula kiko mgongoni kwetu. Jua la kule ni kali mwaka karibu wote. Paneli wawekewe, chakula kizaliwe hukohuko.

Mama Swale, 20:05
Mashamba je? Tutaacha kulima?

Swale, 20:08
Hapana Mama. Mtu atalima anachokipenda. Kahawa, maua, matoke ya sikukuu. Ila asilime kwa hofu.

Jaja (anaandikiwa na Zubeda), 20:15
Swale, hiyo mashine itajuaje mchuzi wangu wa karanga? Karanga zangu nazikaanga kidogo, nasaga mara mbili, nachanganya na simsim, halafu nafunga kwenye jani la ndizi pamoja na mukene (dagaa) wa moshi.

Swale, 20:17
Itabidi ifundishwe, Jaja. Gramu kwa gramu.

Jaja (anaandikiwa na Zubeda), 20:19
Basi njoo Jumamosi na daftari. Safina atuletee mizani ya dukani. Majani ya ndizi ninayo.

Shangazi Safina, 20:20
Saa nne asubuhi nimefika.