Likizo isiyo na kikomo: tuipokee au tubaki na siku zetu 28?

Mtoa mada, Shangani Mtwara
Wadau, salaam. Bosi wetu karudi kutoka Dar na jambo jipya: kuanzia Januari hakuna kuhesabu siku za likizo. Ukitaka tano chukua, ukitaka arobaini chukua, mshahara uko palepale, ilimradi kazi imeisha na mkuu wa kitengo karidhia. Vijana wakapiga makofi. Mimi macho yalikuwa kwenye daftari la likizo juu ya kabati, lile linalofungwa kwa mpira, kila mtu na ukurasa wake. Wangu umebaki na siku 19. Nikauliza, hizi zinakwenda wapi? Akacheka: "Zimo humohumo kwenye zisizo na mwisho." Mimi napinga. Nani yuko upande wa bosi?

Mama wa Mikindani
Niko mimi, kaka. Mwaka jana siku zangu zote ziliishia kumuuguza mama. Mwezi wa saba mwanangu anatolewa jando, nikapewa siku mbili, tena bila malipo, baada ya kumbembeleza afisa utumishi wiki nzima. Mtoto anatoka jando mara ngapi? Daftari lako hilo halijui msiba wala ngoma.

Mpima mizani
Dada, hiyo ni ya watu wa ofisini. Oktoba mpaka Januari korosho zinashuka ghalani usiku na mchana, nikiondoka mzani unalala. Ninyi mtakwenda kula sikukuu, zamu zenu nitazibeba mimi.

Mhasibu, Lindi mjini
Mnabishania ngoma, mimi naangalia vitabu. Siku ambazo hujazichukua ni deni la kampuni kwako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 mfululizo kwa mwaka, sikukuu zikiangukia humo nazo zinahesabiwa. Mwajiri anaweza kupanga lini uende, lakini isipite miezi 6 baada ya mwaka wako wa likizo kuisha. Ifike 12 ukikubali mwenyewe na kazi ikidai. Ukiondoka kazini, zilizobaki unalipwa.

Sasa tazama mfumo huu ulikotoka. Marekani haina sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri kutoa likizo ya malipo. Ila jimboni California, likizo uliyokwisha kuilimbikiza ni mshahara, ukiondoka lazima ulipwe. Ikiwa haina kikomo, kwa kawaida hailimbikizwi, na deni halipo! Microsoft waliingia huko 2023 kwa wafanyakazi wao wa Marekani wasiolipwa kwa saa. Kickstarter, kampuni ya Marekani ya kuchangisha fedha mtandaoni, walijaribu, 2015 wakarudi kwenye siku 25, maana watu walikuwa hawajui kiasi gani kinafaa kuomba. Wala sishangai. Nani atakuwa wa kwanza kuomba arobaini mbele ya bosi?

Mama wa Mikindani
Basi 28 zibaki kwenye maandishi, dharura ziongezwe juu yake. Kwa hilo siko mbali na wewe, mhasibu. Lakini anayeridhia asiwe mtu mmoja, maana mpima mizani hatapata hata moja.

Mtoa mada
Nimemwandikia bosi hivyohivyo: 28 ziwe sakafu, na zangu 19 ziandikwe kwanza. Hajajibu. Ukurasa wangu nilishaupiga picha Ijumaa. Asubuhi hii daftari halipo juu ya kabati.