Mjadala: Je, mdai ana haki ya kumpigia simu mtu ambaye hakukopa?

Hoja ninayoileta mbele yenu ni hii: mkopeshaji anayedai fedha zake asiruhusiwe, kwa hali yoyote ile, kumpigia simu wala kumtumia ujumbe mtu ambaye hakukopa na hakukubali mwenyewe kuwa mdhamini, na mdaiwa naye awe na haki ya kutaka adaiwe kwa maandishi badala ya kupigiwa simu kutwa kucha. Najua wapo watakaoipinga, na baadhi yao wana sababu nzito, kwa hiyo nitazijibu sababu hizo kadiri ninavyozielewa.

Tusijadili kana kwamba hakuna kilichofanyika. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwaweka wakopeshaji wasiopokea amana katika Daraja la Pili, chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Tanzania. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wale wanaokopesha kwa njia ya kidijitali, unaogusa uwazi wa riba na ada, utunzaji wa taarifa za wateja na namna ya kudai, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Hizo ni hatua za maana. Hata hivyo, nguvu kubwa imeelekezwa kwenye swali la nani ana leseni na nani hana, ilhali mtu anayepigiwa na namba ngeni saa nne usiku hana namna ya kujua anayeongea naye ni nani, achilia mbali kama ana leseni.

Nieleze nililolishuhudia. Mwalimu mmoja katika shule ninayofundisha alikopa kupitia programu ya simu ili amalizie ada ya mtoto wake. Siku ya rejesho ilipopita, watu wa madeni hawakuanza kwake. Walianza kwa mwalimu mkuu, wakaenda kwa mzazi wa mwanafunzi ambaye namba yake ilihifadhiwa kwa shughuli za shule, wakamalizia kwa fundi aliyemjengea choo. Jioni likafunguliwa kundi la WhatsApp, watu wakaunganishwa humo bila kuulizwa, na picha ya kitambulisho chake cha taifa ikawekwa pamoja na maandishi mekundu yanayomwita tapeli. Kesho yake yule mzazi alifika shuleni kuuliza kama mwalimu huyo ndiye bado anayekusanya michango ya chakula cha wanafunzi. Deni alilimaliza wiki ileile kwa kukopa kwenye programu nyingine, lakini kazi ya kukusanya michango alinyang'anywa, na hadi leo hajarudishiwa.

Jibu la kwanza ninalolisikia kila jambo hili linapozungumzwa ni kwamba mkopaji alikubali mwenyewe: alipopakua programu aliulizwa kama anaruhusu isome majina yaliyomo kwenye simu yake, naye akabonyeza kukubali. Tuseme alisoma, tuseme alielewa, ingawa mtu anayetafuta fedha za hospitali usiku hasomi kurasa za masharti. Bado kuna jambo ambalo hakuwa na uwezo wa kulikubali. Namba ya yule fundi ni taarifa binafsi ya fundi, na ruhusa ya kuitumia kudai deni inaweza kutolewa na fundi peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo mahususi na halali, na zisigeuzwe kutumiwa kwa jambo jingine. Mtu mwenye majina mia nne kwenye simu yake hawezi kutia saini kwa niaba ya watu mia nne. Hata Google iliona tatizo hilo, na tangu tarehe 31 Mei 2023 sera ya duka lake la programu inazikataza programu za mikopo binafsi kuyafikia majina na picha za mtumiaji. Wapo wakopeshaji wanaolikwepa katazo hilo kwa kusambaza programu zao nje ya duka, au kwa kumtaka mkopaji ajaze mwenyewe namba mbili tatu za ndugu wa karibu. Njia hiyo ya pili naiona mbaya zaidi, kwa sababu inamfanya mkopaji awataje ndugu zake bila wao kujua.

Jibu la pili lina uzito zaidi. Wakopeshaji wanasema mkopo wa shilingi elfu hamsini hauna dhamana, hauna nyumba wala kiwanja nyuma yake, na wapo watu wanaokopa kwenye programu tano, wakaitupa laini na kupotea. Ukiwaondolea wakopeshaji nguvu ya aibu, wataacha kuwakopesha watu wadogo, na mama lishe atakosa mtaji wa asubuhi. Sipuuzi hasara hiyo, wala sitetei mtu anayekopa akiwa amekusudia kutolipa. Lakini tuangalie Kenya. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 ziliwakataza wakopeshaji wa kidijitali kutumia vitisho na matusi, kuanika taarifa za mdaiwa hadharani, na kuingia kwenye orodha ya namba zake ili kuwatafuta watu wake. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa nchi hiyo aliitoza kampuni moja ya mikopo Sh2,975,000 za Kenya kwa kuwasumbua watu kwa simu na ujumbe wa vitisho, akitumia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Je, mikopo ya simu ilikufa? Haikufa. Wakopeshaji zaidi ya 100 wamepewa leseni chini ya utaratibu huo na wanaendelea na kazi. Kilichobadilika ni kwamba mkopeshaji analazimika kumpima mteja kabla ya kumpa fedha, na hapo ndipo pa kuanzia. Anayekopesha bila kumpima mtu, akijua kwamba mwisho wa yote atamtegemea shemeji wa mkopaji, anamwachia huyo shemeji mzigo wa biashara ambayo faida yake haonji.

Kuhusu mdaiwa mwenyewe, Marekani wana sheria ya mwaka 1977 inayowabana wakusanya madeni. Hawapaswi kumpigia mdaiwa kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa tatu usiku, na mdaiwa akiwaandikia barua ya kuwataka waache kuwasiliana naye, wanapaswa kuacha, isipokuwa kumjulisha hatua wanayokusudia kuchukua, kama vile kumshitaki. Kanuni zilizoanza Novemba 2021 zikaongeza kwamba simu zaidi ya saba ndani ya siku saba kwa deni moja huchukuliwa kuwa ni usumbufu. Deni halifutiki kwa barua hiyo, na mlango wa mahakama unabaki wazi. Kinachokoma ni kelele, na sioni kwa nini mkopaji wa Temeke au Nyamagana asipewe nafasi kama hiyo.

Lipo jambo moja katika sheria hiyo ambalo nisingependa tuliige. Inamruhusu mkusanya madeni kumpigia mtu mwingine ili kuuliza mdaiwa anapatikana wapi, mradi asitaje deni. Kwetu sisi ruhusa hiyo ingekuwa na madhara yaleyale. Mtu asiyejulikana akimpigia mama mkwe na kusema anamtafuta fulani kwa jambo la kiofisi, familia nzima itakuwa imeshajua kabla ya jioni, na deni halijatajwa hata mara moja.

Kwa hiyo napendekeza utaratibu utakaomsaidia hata mtu asiyejua sheria. Kila mkopeshaji mwenye leseni asajili Benki Kuu namba anazotumia kudai, na namba hizo zichapishwe ili mpokea simu aweze kuzihakiki. Anayetajwa kuwa mdhamini atumiwe ujumbe kabla ya mkopo kutoka, ajibu kwamba anakubali kudhamini kiasi gani, na akikaa kimya ihesabiwe kwamba amekataa. Simu ya kudai inayotoka kwenye namba isiyosajiliwa iripotiwe kwa njia nyepesi kama ile ya 15040 tunayotumia kupeleka namba za matapeli. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo mwenye laini anaweza kupatikana. Na kampuni iliyowapigia watu wasiohusika ipoteze haki ya kudai riba na ada kwenye mkopo ule, ikabaki na mtaji wake tu, kwa maana faini peke yake inaweza kuingizwa kwenye gharama za biashara na kulipwa na wakopaji wanaofuata.

Kwa wanaopinga, ningependa kusikia hasa kuhusu pendekezo hilo la mwisho. Kama kuna mkopeshaji anayeona ni adhabu kali kupita kiasi, basi aeleze ni adhabu gani nyepesi zaidi ambayo ingeizuia ile simu kumfikia mwalimu mkuu.