Tupeane uzoefu: mliofundisha stadi za maisha sekondari za Mtwara na Lindi, mlikutana na nini?

Chaki Mbili
Wakuu, habari za jioni. Leo stendi ya Masasi kijana wa bodaboda kanipigia honi, "Shikamoo mwalimu wa mambo yetu!" Nilimfundisha kidato cha pili, na "mambo yetu" ndilo jina walilokipa kipindi changu cha stadi za maisha. Kwenye ratiba hakikuwemo. Mada zilikuwa zimetawanywa, nyingine Uraia, nyingine Biolojia, kujitambua kunaelea tu hewani. Mkuu wa shule akanipa Ijumaa mchana, wenzangu wakiwa wanawaza safari ya mjini.

Ukifundisha kwa Kiingereza kama sera inavyotaka, darasa kimya, unasikia nzi. Ukisema "fungeni mlango, leo Kiswahili", mikono inapigana. Swali la kwanza nililopewa, tena na jitu la dawati la nyuma: "Mwalimu, kwa nini nikikasirika nalia, na mimi mwanaume?"

Haya, leteni yenu. Newala, Tandahimba, Ruangwa, Liwale, Nachingwea, najua mpo humu.

Uraka Baridi
Hilo la Kiingereza naunga mkono. Nimekaa mkao wa kusoma.

Kipara wa Nanyamba
Kama hujafundisha "kupanga malengo" msimu wa korosho bado hujafundisha. Kuanzia Oktoba mahudhurio yanashuka, wavulana wako mashambani wanaokota, na wengine wanachota stoo ya baba kidogo kidogo wanapeleka kwa watu wa kangomba, wale wanunuzi wa korosho wa magendo. Kuna mmoja alikuja darasani na noti ambazo mimi nilikuwa sijazishika tangu mshahara wa mwezi uliopita. Akaniuliza, "Mwalimu, unalipwa shilingi ngapi?" Nikamwambia hiyo si mada. Akajibu, "Si ulisema tutumie mifano halisi?"

Ila 2018 sikucheka. Minada iligoma, Serikali ikasema inanunua yenyewe kwa 3,300 kilo, halafu uhakiki ukaanza na malipo yakachelewa. Watoto ndio walioniambia baba halali, baba haongei na mtu, mama kaenda kwao. Mada ya msongo wa mawazo mwaka huo niliifundisha bila andalio la somo, walinifundisha wao.

Mkuja wa Kusini
Mnazunguka mbuyu. Tatizo la huko ni unyago. Mtoto anachezwa likizo ya Desemba, Januari anarudi anajiona mtu mzima. Hapo mwalimu unamshauri nini?

Mjukuu wa Nyakanga
Koma hapo hapo. Mimi nimechezwa Newala na nina digrii. Unyagoni nilifundishwa kujisitiri siku zangu, usafi, kusalimia, kuishi na watu. Shuleni nilichorewa mfuko wa uzazi ubaoni na mwalimu wa kiume aliyekuwa anafundisha huku anatazama dirishani. Tatizo ni umri. Zamani binti alisubiri avunje ungo. Siku hizi mzazi anakwepa gharama, anawaunganisha dada na wadogo zake sherehe moja, na katoto ka darasa la pili kamo.

Mkuja wa Kusini
Kwa hiyo tumekubaliana.

Mjukuu wa Nyakanga
Hatujakubaliana. Wewe umesema unyago, mimi nimesema umri. Soma tena.

Uraka Baridi
😂😂 Mkuja, ulikuja na basi gani?

Bibi Matroni
Wanangu, nimewasoma kimya tangu mchana. Mimi nimestaafu. Nilikuwa matroni mkoa wa Lindi, shule ya kutwa, wasichana wa vijiji vya mbali wanapanga vyumba mtaani, wenyewe wanaita geto.

Niliweka kisanduku cha maswali nje ya ofisi ya malezi. Andika, usitie jina. Mwanzoni yalikuwa chunusi, hedhi, "mwalimu wa Jiografia kaoa?" Siku moja nikakuta karatasi imekunjwakunjwa mpaka imekuwa kama hirizi: "Mwenye nyumba anakuja usiku kudai kodi. Mwenzangu ndiye anafungua mlango ili mimi nilale. Nikisema, atafukuzwa shule?"

Nikaipeleka ofisini. Mwalimu wa nidhamu akasema ni kazi ndogo, tukusanye madaftari tulinganishe mwandiko. Nikakataa. Akasema nafuga maovu. Nikamwambia mwovu yuko mtaani, ana nyumba na kila mtu anamjua, nyie mnamtafuta mtoto. Ofisi nzima ikanigeuka. Mkuu akanyoosha mkono nimpe karatasi. Nilikuwa nimeshaitia ndani ya sidiria, na huko, mnisamehe wanangu, mkuu wa shule hana mamlaka.

Kesho yake mstarini sikugusa habari ya kisanduku. Nilitangaza kwamba tunaandikisha wasichana wote wa geto wanaohitaji mikeka. Nikapita nyumba kwa nyumba na afisa ustawi wa jamii, tunahesabu mikeka na ndoo. Chumba kimoja, binti akanitazama, halafu akatazama komeo la mlango. Komeo lilikuwa nje tu. Ndani hakuna kitu.

Ngoja, mjukuu analia, narudi.

Kipara wa Nanyamba
Bibi!! Huwezi kutuacha hapo.

Mkuja wa Kusini
Chai hiyo, umetunga. Tena ya maziwa.

Mjukuu wa Nyakanga
Huyu hajawahi kuona geto la wanafunzi, msameheni.

Chaki Mbili
Bibi tunakusubiri. Wengine endeleeni jamani, uzi si wa mtu mmoja.

Uraka Baridi
Sasa hivi ni wa mtu mmoja.

Bibi Matroni
Nimerudi. Yule mwenye nyumba alifikishwa dawati la jinsia la polisi. Ndugu wakaja kutaka yaishe nyumbani, na kweli mashahidi wakaanza kusahau. Yule aliyekuwa anafungua mlango alikutwa na mimba. Ilikuwa kabla ya Waraka wa 2021 ulioruhusu waliopata mimba kurudi shule, kwa hiyo shule ikaishia hapo. Mwenzake alimaliza kidato cha nne. Huyo aliyepata mimba anauza samaki Kilwa Masoko, ana duka na friji lake. Anayesema chai, sawa mwanangu, kunywa.

Mkuja wa Kusini
Nimekunywa, shikamoo bibi. Lakini tangu 2016 kumpa mwanafunzi mimba ni miaka 30 jela. Kwa nini mashahidi wanasahau?

Kipara wa Nanyamba
Kwa sababu hiyo hiyo 30. Shahidi anamhesabia mjomba wake.

Dada wa Ndanda
Ukikutana na jambo kama hilo piga 116, simu ya mtoto, ni bure.

Uraka Baridi
Anza na mwenyekiti wa kijiji.

Dada wa Ndanda
Na mwenyekiti akiwa ndiye mwenye nyumba?

Mwalimu wa Hesabu
Mimi nawapa wanafunzi namba yangu, wajue kuna mtu.

Chaki Mbili
Usithubutu! Utaitwa kwenye kamati kabla bando halijaisha.

Mwalimu wa Hesabu
Mpaka leo aliyenipigia usiku ni mmoja, aliuliza swali la logi.

Dada wa Ndanda
Sisi tulimwalika nyakanga wa kijiji, yule mkuu wa unyago, aje aongee na wasichana. Akatoa sharti: walimu wa kike ambao hawajachezwa watoke nje. Tukabaki wawili. Wenzetu wenye shahada za ushauri wakakaa chini ya mkorosho na wavulana. Yale aliyosema kuhusu kumkatalia mwanaume bila kugombana naye, sijayaona kwenye kitabu chochote. Siwezi kuyaandika hapa.

Mkuja wa Kusini
Andika kidogo.

Mjukuu wa Nyakanga
Hujachezwa. Toka nje 😂

Ajira Mpya
Walimu wangu shikamooni. Nimepangiwa Nanyumbu, nafundisha Kemia. Na sisi wa Kemia tunapewa malezi?

Kipara wa Nanyamba
Marahaba. Mgeni asiye na familia? Utapewa malezi, michezo na shamba la shule siku hiyo hiyo. Chumba tafuta Mangaka mapema, wakati wa korosho kodi inapanda.