Tupeane uzoefu: Riwaya na diwani za waandishi wanaojichapishia. Ulimaliza au uliishia njiani?

Mwanzisha uzi

Wadau, salaam.

Nasoma sana vitabu ambavyo mwandishi kajichapishia mwenyewe: riwaya za kuuzwa mkononi, diwani zilizotoka nakala mia tu, hata simulizi za WhatsApp za kulipia. Kuna watu wakiona kitabu hakina jina la kampuni wanakidharau kabla hawajakifungua. Sikubaliani nao kabisa. Marehemu Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya, alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko, riwaya zake zikatokea humo, na wazazi wetu walizisoma mpaka majalada yakachanika. Wachapishaji wetu wengi wanaangalia shule kwanza, kwa sababu ndiko kitabu kinakonunuliwa kwa wingi. Sasa mtu aliyeandika ujasusi, au mapenzi ya watu wazima, au hadithi ya kutisha, aende wapi? Anatoa hela mfukoni anachapa.

Lakini tuseme na ukweli. Juzi nimemaliza riwaya ya kondakta wa daladala ya Mbagala aliyeokota begi. Mabishano ya konda na abiria yameandikwa vizuri mno. Kuna mama anadai chenji yake ya shilingi mia tangu Mtoni kwa Aziz Ali, hanyamazi, na katika makelele hayo hayo ndipo konda anapolipenyeza begi chini ya siti. Nilisoma ukurasa ule mara mbili. Halafu mbele huko mama mkwe aliyezikwa sura ya tatu anapiga simu kuulizia mahari. Nikarudi nyuma kuhakikisha. Kweli, alizikwa, na matanga yakaanuliwa. Niliendelea mpaka mwisho kwa sababu yule mwandishi anajua watu wanavyoongea, na hicho hakifundishiki kirahisi. Mhariri angemwondolea kosa lile kwa mstari mmoja.

Kwa hiyo nauliza: ni kitu gani kinakufanya uendelee, na ni kipi kinakufanya ufunge kitabu? Ukikosoa, usitaje jina la mwandishi. Karibuni.

Msomaji wa Tabata

Mimi ni wa simulizi za kwenye simu. Nalipia kwa M-Pesa, naingizwa kwenye grupu, kila usiku inashuka sehemu moja. Makosa ya tahajia nimeyazoea, mtu akiandika "rara" badala ya "lala" naelewa nasonga mbele. Kinachoniumiza ni mwandishi kupotea. Kuna simulizi ya binti aliyeolewa kijijini Kahama, tamu kweli kweli, ilifika pale anapofungua sanduku la marehemu mumewe, chini ikaandikwa ITAENDELEA. Haikuendelea tena. Grupu likafungwa, na hela tulishatoa wote. Tangu hapo silipii kitu ambacho hakijaisha kuandikwa. Nauliza kwanza: dada, hadithi umeshaimaliza? Akisema bado, namwambia akimaliza anishtue, hela yake ipo.

Mpenda tungo, Mombasa

Nami niseme ya mashairi, maana ndiyo nisomayo.

Diwani za kujichapishia nazinunua kila nizionapo. Muyaka, mshairi wetu wa zamani, hakuchapishwa na mtu maishani mwake. Tungo zake zilikaa vinywani mwa watu hapa Mombasa, Mwalimu Sikujua akazikusanya pamoja na Mwingereza Taylor, na diwani ikaja kutoka 1940, karibu miaka mia baada ya mwenyewe kufa. Kwa hiyo kijana akiamua asingoje mtu wa kumkusanyia, namuunga mkono.

Ila nina mambo mawili. La kwanza ni mpangilio. Nilinunua diwani yenye karatasi ndogo na herufi kubwa, kila mshororo ukawa umekatika, ukwapi (nusu ya kwanza) juu na utao (nusu ya pili) chini yake. Ubeti wa mishororo minne unaonekana kama wa minane. Jicho halioni tena vina vya kati vinavyoshuka pamoja na vya mwisho vinavyoshuka pamoja, na hilo ni nusu ya raha ya shairi. Mtunzi alihesabu mizani yake usiku kucha, mpanga kurasa akaivunja kwa dakika chache. Herufi zingepunguzwa kidogo tu ingetosha.

La pili ni masikio. Katika diwani hiyo hiyo mna mshororo huu: "Nalia peke yangu, sina wa kunifariji." Soma kwa sauti. Upande wa kwanza una mizani saba, wa pili nane. Ukighani unajikwaa. Angeandika "Ninalia peke yangu" ingekaa sawa. Shairi lenyewe ni la mke aliyeachwa na mume baharia, lina uchungu wa kweli, mimi lilinitoa machozi hata na kasoro yake. Alikosa mtu mmoja wa kumsikiliza akilisoma kabla halijaenda mtamboni.

Na kwa wale wa mashairi huru: sina ugomvi nanyi, ugomvi huo ulipiganwa sana tangu enzi za mshairi Kezilahabi miaka ya 1970. Lakini kuacha vina si ruhusa ya kukata sentensi ya kawaida vipande vipande.

Fundi mitambo

Wakuu, mimi niko upande wa uchapaji, niwape picha ya kwetu. Kwenye ofseti, yaani uchapaji wa mtambo unaotumia pleti (mabati yenye maandishi ya kitabu), pleti zinatengenezwa zile zile, uchape nakala 100 au 1,000. Ndiyo maana mwenye nakala chache kila kitabu kinamtoka ghali. Anakuja na bajeti yake, akisikia bei anaanza kupunguza. Jalada la rangi hapunguzi, karatasi hapunguzi. Anapunguza uhariri, kwa sababu hauonekani kwa macho. Nimemshuhudia mtu akisema "mdogo wangu kasoma ualimu, atapitia Jumapili." Jumatatu faili liko mtamboni. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, wengi wanaijali, kwa hapa Tanzania wanaipata Maktaba ya Taifa, na ni vizuri. Ila namba haitarekebisha sura ya tatu.

Dada wa Muscat

Assalaam alaykum. Sisi huku tunaosoma Kiswahili hatuna duka la kuingia. Vitabu vyangu huja kwenye mabegi ya jamaa wakitoka Unguja, na mwenye begi huwa na vitu vyake vya kubeba. PDF ndiyo imeniokoa. Nilimwandikia mwandishi mmoja wa Unguja, nikamsifia hadithi yake, halafu nikampa orodha ya makosa niliyoyaona, ukurasa kwa ukurasa. Niliogopa atakasirika. Alishukuru, akarekebisha, na baada ya muda akawatumia wanunuzi wote nakala mpya bure. Mwandishi wa namna hiyo nitamnunua maisha.

Mwanzisha uzi

@Dada wa Muscat, hapo umenigusa. Mimi nimekuwa nikisifia hadharani na kunung'unika pembeni. Yule wa kondakta nitamwandikia leo kuhusu mama mkwe, maana nasikia anataka kuchapa tena.

@Fundi mitambo, mtu akitaka kupitishiwa kazi yake na mhariri wa kweli, siyo wa Jumapili, mnamwelekeza kwa nani?

Fundi mitambo

Sisi huwa tunamwambia atafute mwalimu wa Kiswahili asiyemjua kabisa, amlipe, na ampe mwezi mzima. Ndugu na rafiki wanasifia tu.

Msomaji wa Tabata

Mkuu, hiyo ya kondakta inapatikana wapi? Nirushie PDF basi.

Mwanzisha uzi

PDF sitoi, kaka. Njoo inbox nikupe namba ya mwandishi, ukalipie kwake. Na hiyo imeisha, usiwe na wasiwasi.