Simu ikikupima ukope au usikope, una haki ya kuambiwa sababu?

Wakuu, habari za leo. Naomba tulijadili hili la mikopo ya simu kwa utulivu.

Wiki iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, niliamshwa na ujumbe wa namba ngeni: jina kamili la mama anayeuza chapati na maharage pale ninapopandia daladala, neno TAPELI, kisha agizo kwamba nimwambie alipe deni. Sijawahi kumdhamini. Namba yangu imo kwenye simu yake kwa sababu huwa namtumia hela ya chapati, basi. Nilipomfuata akanionyesha: aliomba 60,000, ikaingia 42,000, ile 18,000 ikakatwa palepale kama ada ya huduma, na baada ya siku 7 arudishe 60,000 kamili. Kwa hela aliyoishika mkononi, hiyo ni karibu asilimia 43 kwa wiki. Chapati gani inazaa faida hiyo?

Sipingi teknolojia. Mwaka 1981 wachumi Joseph Stiglitz na Andrew Weiss walieleza kwa nini maskini hukosa mkopo hata akikubali riba kubwa: mkopeshaji hajui nani atalipa, na akipandisha riba, waangalifu wanajitoa, wanabaki wa kubahatisha. Kwa hiyo anaona bora anyime. Muhammad Yunus, mwanzilishi wa benki ya Grameen kule Bangladesh, alikwepa tatizo hilo kwa kukopesha vikundi vya akina mama wanaojuana, na vikoba vyetu, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, vinakwenda kwa akili hiyohiyo. Sasa imekuja akili mnemba, inasoma miamala yako na vocha unazonunua, inakupa alama. Huduma za mikopo ya simu kama M-Shwari ya Kenya mwaka 2012 na M-Pawa ya hapa kwetu Tanzania mwaka 2014 zilianza kwa kuangalia mwenendo wa mteja kwenye simu. Kwa asiye na kiwanja wala ajira, huo ni mlango wa kweli.

Ila kikoba kikikunyima, mwenyekiti unamjua, na kikaoni unaweza kusimama ukajitetea. Alama ya kwenye simu unajitetea kwa nani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kutaka uamuzi mzito juu yake usiachiwe mashine peke yake, lakini mama wa chapati ataidai wapi haki hiyo? Msimamo wangu: anayenyimwa aambiwe sababu, na programu inayogusa majina yaliyo kwenye simu ya mtu inyang'anywe leseni.

Mchangiaji:

Kaka, pole kwa huyo mama, kudhalilisha mtu vile hakuna anayeona ni sawa. Lakini kikoba unakisifu kwa sababu hakijakukataa. Mimi kilinikataa mara mbili. Nilikuwa mpangaji mgeni, sina mume, katibu akasema mbele ya watu, "Huyu kwao hatukujui." Aliyenipa 30,000 ya kwanza ni simu. Nikanunua dagaa, nikauza, nikalipa kabla ya siku, wakanipandisha mpaka 200,000. Mashine haikuniuliza mume yuko wapi.

Na mkizibana kampuni hizi tutarudi kwa nani? Kwa wale wanaoshika kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba ya siri. Mikopo hiyo ya riba ya kunyonya, kausha damu, ilikuwepo kabla ya programu. Usiniambie mikopo ya halmashauri, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake. Haina riba, kweli, ila ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi 2024, na mimi watoto wanakula kila siku. Tena ni ya vikundi, tunarudi kwa katibu yuleyule.

Mtoa mada:

Dada, hilo la katibu limenikaa moyoni. Nakubali nilikipamba kikoba. Ubaguzi wa uso kwa uso ni ubaguzi, na simu ilikutoa hapo.

Lakini kutokukuuliza habari za mume si kwamba hazimo. Chukua mwanamke ambaye laini imesajiliwa kwa jina la mumewe, au wanatumia simu moja. Dagaa anauza yeye, miamala inasomeka ya mume. Mashine itamwona mtu asiyezungusha hela, itampa kidogo au itamnyima. Wewe ulisikia neno la katibu kwa masikio yako, ukamkasirikia. Huyu hatasikia chochote, atadhani biashara yake ndiyo mbovu. Sababu naidai kwa ajili yake.

Kuhusu kukimbia kwa kampuni: Kenya ilitunga kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, na kampuni zaidi ya 100 zimepata leseni ya Benki Kuu ya kule. Hapa kwetu Benki Kuu ilitoa mwongozo mwaka 2024, na Novemba ya mwaka huohuo ikatangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Mjasiriamali mwenye hesabu safi atabaki, maana wateja tupo.

Kwa hiyo nawauliza mnaotengeneza programu hizi, kama mpo humu: ni nini kinachowashinda kuandika pale juu, kwa herufi kubwa, "Utapokea 42,000, utalipa 60,000 baada ya siku 7", kabla mama hajabonyeza kukubali?