PS4 ya mtumba na likizo ya Agosti: nianze na gemu gani ya hadithi?

Mwokaji58 (Nakuru)

Hamjambo wenzangu. Nafanya kazi ya usiku kwenye bekari hapa Nakuru. Nafika nyumbani Section 58 saa mbili asubuhi na usingizi hauji mara moja. Mwezi uliopita nilinunua PS4 ya mtumba, ya GB 500. Tangu utotoni gemu kwangu ilikuwa mpira tu: FIFA, mechi moja, unampisha mwenzako. Sijawahi kukaa na gemu ya hadithi mpaka ikaisha.

Nina pesa za diski moja, nikijibana mbili. WiFi sina, natumia bando za simu. Kijana wa dada yangu, ana miaka 13, anakuja likizo ya Agosti na nataka tucheze naye, au nicheze yeye akitazama. Kila mtu ananitajia God of War, Red Dead 2, GTA V na Spider-Man. Wanasema "hiyo ni moto", lakini hakuna anayenieleza hadithi yenyewe ina nini. Anayezijua anisaidie, ila asinimalizie uhondo.

Mzee wa Pedi (Kisumu)

Karibu ndugu. Nina kibanda cha gemu Kondele tangu enzi za PS2, kwa hiyo hadithi hizi nimezitazama nikiwa nyuma ya migongo ya vijana mara nyingi kuliko nilivyozicheza mwenyewe.

Enzi hizo ilikuwa GTA San Andreas ya 2004. Kijana analipia nusu saa, anamcheza CJ aliyerudi Los Santos kwa sababu mama yake ameuawa, na muda ukiisha anahifadhi kwenye memori kadi yangu ya MB 8. Nafasi zilikuwa nane, wateja walipita ishirini. Nikaweka daftari: nafasi ya kwanza ya fulani, ya pili ya fulani. Siku moja nilitoka kununua chapati, kurudi nakuta mvulana amehifadhi juu ya nafasi ya mwenzake aliyekuwa ameshafika mji wa San Fierro. Mwenye nafasi hakupiga kelele, na pesa hakuzitaja. Alikaa kwenye benchi akaniuliza, "Sasa Sweet atatolewa jela na nani?" Sweet ni kaka yake CJ. Nikampa saa tatu za bure, akaanza upya kutoka Grove Street.

Tangu hapo, nikiulizwa kama gemu ina hadithi nzuri, naangalia kama mikono ya mchezaji ina kazi ndani ya hadithi hiyo, ama mambo yote makubwa yanatokea pedi ya kuchezea ikiwa imelala mapajani.

Kwa hiyo mimi nakwambia nunua God of War ya 2018. Unamcheza Kratos, aliyefiwa na mkewe, Faye. Yeye na mwanawe Atreus wanabeba majivu ya mama kwenda kuyamwaga kwenye kilele kirefu kuliko vyote. Hilo ndilo ombi la marehemu, na sisi watu wa huku tunajua ombi la marehemu lina uzito gani. Gemu inaanza kwa mti wenye alama ya kiganja cha Faye. Wewe ndiye unayeukata: unabonyeza, shoka linaingia, unabonyeza tena. Na kamera haikatiki toka hapo hadi mwisho, iko nyuma ya mabega yao muda wote.

Sasa sikiliza. Kitufe cha mraba ndicho cha kumwagiza mtoto apige mshale. Baada ya saa kadhaa kidole kinazoea, hufikirii tena. Halafu inafika sehemu ambapo mtoto hayuko kando yako, sababu sisemi. Maadui wanakuja, kidole kinaenda kwenye mraba, mshale hauji. Kuna mteja wangu wa bodaboda, mtu mzima mwenye watoto wawili, nilimwona akibonyeza mara tatu. Akasimamisha gemu akakaa kimya. Nami sikumwambia neno.

Inachezeka kutoka kwenye diski bila intaneti, na hadithi kuu ni saa kama 20. Bando zako ziko salama.

Red Dead Redemption 2 (pia ya 2018) naipenda hata zaidi, ila si ya kuanzia kwa mtu wa zamu ya usiku. Mwaka ni 1899, genge la Dutch van der Linde linakimbia sheria, wewe ni Arthur Morgan. Sura ya kwanza yote ni theluji na mwendo wa polepole, na vijana wangu wengi waliishia hapo. Farasi anataka kulishwa na kupigwa brashi. Ukiua mnyama, unasubiri Arthur amchune mpaka amalize. Hadithi peke yake inafika saa 50, diski ni mbili, na itakula zaidi ya GB 100 kwenye mashine yako. Siku ukiifikia, kuna kazi ndogo ya kudai deni kwa mkulima mmoja anayekohoa. Usiipite haraka.

GTA V iko kibandani na inaniingizia pesa, lakini hadithi yake hainiingii. Unacheza watu watatu, na kuhama kutoka Michael kwenda Franklin kwenda Trevor kumetengenezwa kwa ustadi mkubwa, na ule wizi wa pamoja umepangwa vizuri. Ila hakuna hata mmoja kati yao niliyemwonea huruma. Halafu kuna mahali unapewa plaisi umtese mtu aliyefungwa kwenye kiti. Mikono ina kazi hapo, ndiyo, lakini baadaye hakuna kinachobadilika kwa sababu yake. Mtoto sijawahi kumruhusu aicheze kwangu.

Mwalimu wa Shinyalu (Kakamega)

Mzee wa Pedi, nakuheshimu, lakini umemruka mtoto wa miaka 13. Hiyo God of War ina alama ya 18 kwenye kasha, sawa na Red Dead na GTA V. Damu ni nyingi mno. Ndugu Mwokaji, mbele ya kijana weka Spider-Man ya 2018. Marekani waliipa alama ya kuanzia miaka 13, Ulaya wakaipa 16, kwa hiyo kaa naye.

Niliicheza na mwanangu wa umri huohuo. Peter, ndiye Spider-Man mwenyewe, hana pesa, anafungiwa nje ya chumba chake kwa kutolipa kodi. Kazi yake ni kwenye maabara ya Dkt. Otto Octavius, mtu anayempenda kama mzazi, na Shangazi May anafanya kazi kwenye makao ya watu wasio na nyumba. Kuna nyakati huna adui yeyote: unatembea tu kati ya vitanda unasalimia watu. Mwanangu alikuwa anazipita mbio. Kufika mwisho, alikuwa amewajua.

Octavius atakuwa nani, kila mtoto anajua kutokana na katuni. Na bado wangu alikuwa anaiambia runinga, "Daktari, usivae hiyo mikono ya chuma!" Zile sehemu za kunyatanyata unapomcheza MJ, rafiki wa Peter, zilituchosha wote wawili, sitakuficha.

Mzee wa Pedi (Kisumu)

Mwalimu amesema kweli, umri niliuruka na haikufaa. Ndugu, ya Agosti iwe Spider-Man. God of War iwe yako ya asubuhi, mlango umefungwa.

Diski za mtumba ziinamishe kwenye mwanga kabla ya kulipa. Michirizi ya kutoka katikati kwenda nje haina shida sana, inayozunguka na diski ndiyo mbaya. Na kijana akifika, mfungulie jina lake mwenyewe kwenye hiyo PS4, usimwache acheze kwenye lako. Kila mtumiaji anahifadhi kwake.

Mwokaji58 (Nakuru)

Asanteni sana nyote. Nimepata Spider-Man leo mjini, diski haina mchirizi. Jina la kijana nimeshalifungua, na gemu sijaigusa, namsubiri aanze yeye.

Mzee, yule mvulana wa San Fierro alifika mwisho?

Mzee wa Pedi (Kisumu)

Alifika. Ilimchukua wiki tano, na siku Sweet alipotoka jela alinunulia benchi nzima soda.