Nyiragongo: pesa iende kwenye vipimo au kwenye ving'ora?

Mada: Mei 22, 2021 Nyiragongo, volkeno ya mashariki mwa Kongo (DRC), ilipasuka ubavuni, lava ikafika Buhene, pembezoni mwa Goma. Watu wapatao 30 walikufa bila tahadhari kutolewa. Ufadhili wa Benki ya Dunia kwa kituo cha uchunguzi wa volkeno ulikuwa umekwisha 2020. Pesa ikipatikana leo, ianzie wapi?

Mtetemo: Vipimo. Kujua mtetemo unatoka wapi na kina gani kunataka vituo vinne au zaidi vyenye saa zinazolingana. Kila kituo ni kipima-mitetemo kilichofukiwa, paneli ya sola, betri na antena. Kinachokiua mara nyingi si lava. Betri huibwa, na gesi ya salfa hula viungio vya nyaya.

Mama Neema: Kaka Mtetemo, umeruka dakika 40. Uchambuzi wa baadaye ulikuta ishara za kwanza zilitangulia lava kwa muda huo tu. Setilaiti nazo hazikuona mlima ukivimba, kwa sababu magma (mwamba ulioyeyuka) ilikuwa tayari juu, ziwa la lava likiwa wazi kasokoni. Ukuta ulipoachia, basi. Na lava ile ina silika kidogo, hutiririka kama uji mwepesi. Dakika 40 zitaishia kwenye simu za kuomba ruhusa.

Mtetemo: Na siku zilizofuata? Magma ilipenya chini kwa chini kuelekea kusini, ikapita chini ya mji hadi chini ya Ziwa Kivu, lenye methani, gesi inayoweza kulipuka. Mei 27 mitaa 10 ikaamriwa kuhama. Bila GPS za kupima ardhi ikisogea na vipima-mitetemo, amri hiyo ingekuwa ramli.

Mama Neema: Amri ilitoka, watu wakabanana barabara ya Sake bila maji, na mlipuko wa pili haukuja. Vipimo vilikuwepo, maji na magari ndivyo havikuwepo.

Bahati: Dakika 40 si haba kama hakuna wa kuombwa ruhusa. Kizingiti kikubaliwe mapema: vipimo vya vituo vitatu na vya kipima-sauti ya chini (mawimbi mazito yasiyosikika kwa sikio) vikipanda pamoja, king'ora kilie chenyewe.

Mtetemo: Hapo utanaswa na Nyamulagira, volkeno jirani yake. Nayo hutetema. King'ora kikilia bure mara tatu, ya nne watu watajigeuza kitandani.

Bahati: Basi vipima-sauti viwe vitatu, vipangwe pembetatu, mita mia kadhaa kutoka kimoja hadi kingine. Tofauti ya muda wa wimbi kufika itaonyesha limetoka mlima upi.